Darubini ya Mjomba Haijafa: Kuhusu Bomba Linaloteleza, Kliki Zisizolingana na Msalaba Unaotembea

Swali: *Fundi, shikamoo. Marehemu mjomba ameniachia bunduki ya shabaha ya .22, ya bolti, yenye darubini ndefu nyembamba ya Unertl, nguvu mara 15. Nina matatizo matatu. Kila nikipiga, darubini inateleza kwenda mbele. Rafiki yangu ananishauri niikaze pete kwa nguvu au nizungushie utepe ili itulie. Pili, nimesoma kwamba kliki moja ya kitufe cha kurekebishia ni robo inchi kwa yadi 100, lakini nikizungusha kliki 20 matundu yanahama inchi nne, si tano. Tatu, nikisogeza kichwa kidogo tu, msalaba unatembea juu ya shabaha. Je, imekufa? Niiweke kabatini ninunue ya kisasa?*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Usiiweke kabatini, na huo utepe urudishe ulikoutoa. Katika matatu uliyoyataja, mawili ni darubini kufanya kazi iliyoundiwa, na la tatu utalimaliza kwa vidole. Tena lile la inchi nne limenifurahisha, kwa sababu limeniambia jambo ambalo hukuliandika: besi za bunduki yako ziko umbali wa inchi 9. Besi ni vile vipande viwili vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu juu ya bunduki, ambavyo mabano ya darubini hukalia. Chukua rula upime kutoka katikati ya bano la mbele hadi katikati ya bano la nyuma kabla hujaendelea kusoma. Nitakuonyesha nilivyojua.

Ila kwanza toa bolti, chungulia mtutu mpaka uone mwanga upande wa pili, na risasi ziweke chumba kingine. Isipokuwa pale nitakaposema "piga", kila ninachokueleza kinafanywa na bunduki isiyo na bolti.

Darubini za siku hizi zimetuzoesha jambo moja: mwili umebanwa na pete mbili, hausogei, na vitufe vya juu na vya ubavuni vinahamisha msalaba uliomo ndani. Ya mjomba ni kinyume. Ndani ya bomba lake hakuna kinachohama. Msalaba umefungwa katikati na unabaki hapo; ukitaka kuhamisha mahali risasi inapopiga, unainamisha bomba zima. Bano la mbele ni egemeo tu. Bano la nyuma ndilo lenye kazi. Juu yake kuna mikromita, yaani skrubu ya kupimia yenye kliki, inayosukuma bomba chini, ubavuni kulia kuna nyingine inayolisukuma kushoto, na upande wa chini kushoto, ukizitazama zote mbili, kuna pini yenye springi inayolirudisha bomba likakumbane na ncha za mikromita. Kwa hiyo huko nyuma bomba limeshikwa na vitu vitatu: ncha mbili na springi moja. Likamate kwa vidole ulisukume polepole, utahisi linaitikia kisha linarudi. Wengi wakiona hivyo hudhani limelegea. Halijalegea.

Mtindo huu wa kuinamisha bomba zima ni wa siku nyingi. William Malcolm wa Syracuse, New York, alianza kutengeneza darubini ndefu za bunduki mwaka 1855. Baadaye kampuni ya Winchester walikuwa na darubini yao ya A5, kampuni ya Lyman wakaendeleza, J. W. Fecker aliyekuwa pia mtengenezaji wa darubini za kutazamia nyota akaingia, na John Unertl, aliyefanya kazi kwa Fecker huko Pittsburgh, akaanzisha karakana yake mwaka 1934. Unertl ya nguvu mara 8 ilifungwa juu ya bunduki za Springfield za wadunguzi wa kikosi cha Marine cha Marekani katika Vita Kuu ya Pili, na mdunguzi wao mashuhuri Carlos Hathcock aliitumia Vietnam juu ya Winchester Model 70. Rafiki yako anayeona kuteleza ni udhaifu mwambie hivyo. Waliozibeba msituni hawakuwa watu wa kubembeleza vyombo.

Sasa turudi kwenye inchi nne. Katika mabano haya kliki moja ya kawaida husogeza ncha ya mikromita kwa inchi 0.0005, yaani milimita 0.0127. Hapo ndipo ukweli wa kliki ulipo. Ile "robo inchi kwa yadi 100" uliyoisoma ni matokeo, na matokeo hutegemea umbali kati ya egemeo na mikromita. Fikiria mlango. Ukiusukuma kwa upana wa kidole ukiwa umeshika karibu na bawaba, unafunguka pakubwa. Ukiusukuma kwa upana uleule ukiwa umeshika penye kitasa, unafunguka kidogo tu. Yadi 100 ni inchi 3,600. Zigawanye kwa 7.2 upate 500, kisha zidisha kwa 0.0005, inatoka 0.25. Ndiyo sababu inchi 7.2, takriban milimita 183, zikawa umbali wa kawaida kati ya besi: hesabu inatoka safi. Kliki zako 20 zimetoa inchi 4, kwa hiyo kila moja ni inchi 0.2. Irudishe hesabu nyuma: 3,600 mara 0.0005 ni 1.8, na 1.8 ukiigawanya kwa 0.2 unapata 9.

Atatokea mtu wa kukwambia atoboe matundu mapya asogeze besi zifike 7.2, "iwe sawa na kitabu." Mkatalie. Tundu la mtutu likishatobolewa halirudi, na isitoshe utakuwa umeharibu kitu kizuri: besi zilizoachana zaidi zinakupa kliki ndogo zaidi na bomba lililotulia zaidi. Hata hesabu yako ni nyepesi kuliko ya wenye 7.2. Kwa yadi 100, kliki 5 ni inchi moja. Kwa yadi 50, kliki 10 ni inchi moja. Unayelenga kwa mita, kliki yako ni milimita 5.6 hivi kwa mita 100 na 2.8 kwa mita 50. Andika hayo kwenye kikaratasi ukibandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Hesabu pia kliki ngapi zinakamilisha mzunguko mmoja wa mikromita. Zikiwa 50, mzunguko mzima ni inchi 10 kwa yadi 100, na ukijua hilo hutapotea hata mtu akikuchezea mikromita ukiwa hupo.

Kuhusu kugeuza upande gani, sahau mishale na maneno. Kumbuka hivi: nyuma ya bomba iende kule unakotaka risasi iende. Unataka risasi ipande? Nyuma ya bomba ipande, yaani ufungue mikromita ya juu ili springi ilinyanyue bomba. Unataka iende kulia? Fungua ya ubavuni. Kukaza ni kushusha na kupeleka kushoto.

Hapa pana mtego unaowakamata hata watu wa miaka mingi. Ukikaza, ni wewe unayelisukuma bomba na halina hiari. Ukifungua, unaiachia springi kazi, na springi ya miaka sabini, yenye mafuta yaliyoganda, huchelewa. Utasikia kliki zako zote vizuri, utapiga risasi ya kwanza isihame, ya pili ihame nusu, ya tatu ifike. Utalaumu upepo, utalaumu risasi, mwisho utajilaumu mwenyewe. Dawa yake ni kumalizia kila rekebisho kwa kukaza. Ukitaka kupanda kliki 10, fungua 16 kisha kaza 6. Ukitaka kushuka 10, kaza 10, basi. Pini ya springi nayo isafishe na uipake tone la mafuta mepesi, tone lenyewe lile la ncha ya sindano.

Na usafi wa bano la nyuma usiuchukulie kama usafi wa kupendezesha. Chukua unywele mmoja wa kichwani. Unene wake ni kama milimita 0.07. Kliki yako ni milimita 0.0127. Unywele huo ukinaswa kati ya ncha ya mikromita ya juu na bomba, umeongeza kliki tano na ushei ambazo hukuzihesabu, na risasi zako zitashuka zaidi ya inchi moja kwa yadi 100. Utepe wa rafiki yako ni mnene kuliko unywele. Unaona basi.

Kuteleza kwenyewe ni hivi. Bunduki ikipiga teke inarudi nyuma. Darubini, kwa uzito wake na kwa kuwa haikubanwa, inabaki ilipokuwa. Wewe unaona darubini imekwenda mbele, kumbe bunduki ndiyo iliyokimbia chini yake. Waliibuni hivyo makusudi, ili teke lisipite kwenye msalaba wenye nyuzi nyembamba, wala kwenye lenzi zilizogandishwa, wala kwenye skrubu mbili tatu ndogo za besi. Kwa .22 teke ni dogo na huenda usivunje kitu leo kwa kuibana, lakini skrubu zitaanza kulegea moja baada ya nyingine, na bomba litaumia. Najua kwa sababu nilishafanya. Nilipokuwa naanza niliikaza pete ya Lyman yangu kwa koleo, nikaridhika kwamba imetulia. Nilipoilegeza baadaye, bomba lilikuwa limebonyea duara jembamba, la kuhisi kwa ukucha tu, si kwa macho. Mpaka leo likifika hapo linasita, na nikipiga kumi napata makundi mawili ya matano, moja juu ya jingine.

Kwa hiyo liache liteleze, ila lirudi mahali palepale kila mara. Kwenye bomba, mbele ya bano la mbele, pawe na pete ya kuzuilia. Ukivuta darubini nyuma, pete hiyo inagusa bano na inasema "tik". Hapo ndipo nyumbani kwake. Baada ya kila risasi, kabla hujagusa bolti, ivute kwa vidole viwili mpaka usikie tik. Usiisukume chini wala juu unapovuta. Bomba lako huenda lina reli nyembamba chini yake inayopita kwenye mfereji wa bano la mbele. Wamarekani huiita kwa jina la Harry Pope, fundi wao mashuhuri wa mitutu. Reli hiyo huzuia bomba lisizunguke, lakini haikubana kabisa ndani ya mfereji, na mimi huwa nalizungusha bomba kidogo kuelekea kulia ninapomalizia kuvuta, ili reli iegemee ukuta uleule. Ukipenda kushoto, sawa, ila iwe kushoto siku zote. Risasi, vuta, tik, bolti. Baada ya wiki mbili mkono utafanya wenyewe.

Utauliza: kwani likiwa nusu inchi mbele kuna ubaya gani, si pembe ni ileile? Kwa bomba lililonyooka kikamilifu, ndiyo. Lako lina miaka yake. Lina vibapa vidogo pale ncha za mikromita zilipolisugua, lina mpindo ambao hakuna jicho litakalouona, na kila likikaa mahali pengine ncha zinakutana na chuma kingine. Zaidi ya hapo jicho lako linakuwa mbali zaidi na kioo, picha inapungua ukingoni, na wewe bila kujua unaufuata mwanga kwa kichwa. Ukiona matundu yako yamejipanga wima kama mtu kashusha kamba, jiulize kwanza kama ulivuta kila mara.

Baadhi ya darubini hizi zina springi kubwa iliyozunguka bomba katikati ya mabano, nyuma ya lile la mbele, yenye kazi ya kulirudisha bomba yenyewe. Kama yako inayo, jaribu zote mbili. Mimi kwa .22 naiondoa: mkono wangu unarudisha sawasawa kuliko springi, na bila springi sina la kulaumu. Kwa bunduki yenye teke kubwa naiacha, maana sitaki kusahau kuvuta halafu risasi ya pili ilikute bomba liko mbele tayari. Kwa hiyo yenye teke kubwa pia kaa mbali na kioo kadiri picha inavyokuruhusu. Bomba halijafungwa, lakini bano na bunduki vinarudi kwako kwa kasi.

Msalaba unaotembea unaitwa paralaksi. Simama mbele ya dirisha, weka alama ya kalamu kwenye kioo, kisha tazama nguzo iliyo nje kupitia alama hiyo. Sogeza kichwa: alama inaitembelea nguzo huku na huku, kwa sababu moja iko hapa na nyingine kule. Alama hiyo ungeichora kwenye nguzo yenyewe, ungecheza kichwa utakavyo isihame. Ndani ya darubini, lenzi ya mbele inachora picha ya shabaha mahali fulani katika bomba, na msalaba uko mahali pake. Vikikutana, hakuna mtembeo. Visipokutana, kila unapoweka shavu tofauti kidogo kwenye tako la bunduki, unalenga mahali tofauti huku msalaba ukikudanganya kwamba umekaa katikati.

Anza na kioo cha jicho, siyo cha mbele. Elekeza darubini kwenye anga jeupe, mbali kabisa na jua, au kwenye ukuta mtupu. Tazama kwa sekunde mbili au tatu tu, ondoa jicho. Msalaba ulikuwa mweusi na mkali tangu nukta ya kwanza, au ulianza na ukungu kisha ukatulia? Ukitulia baadaye, ni jicho lako lililofanya kazi, siyo kioo. Legeza pete ya kufungia, zungusha kioo nusu mzunguko, jaribu tena. Ukiupata mkali papo hapo, funga pete na usirudi hapo tena. Mtu mwingine akitaka kutumia bunduki yako, hapo ndipo atakapotaka kugusa. Mwambie akavae miwani yake.

Baada ya hapo ndipo unakwenda kwenye lenzi ya mbele, ambako kuna kola yenye namba za yadi. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, shabaha iwe yadi 50 kamili, msalaba ukae katikati. Usiguse bunduki. Nyanyua na shusha kichwa kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha, na utazame msalaba tu. Unatembea? Zungusha kola kidogo, rudia. Utafika mahali utakaposogeza kichwa na msalaba ukabaki umepigwa msumari kwenye karatasi. Hapo weka alama yako ya penseli. Fanya vivyo hivyo kwa yadi 100. Huenda namba 50 ya kola isikubaliane na alama yako. Kola hizi zimefunguliwa na kufungwa na mikono mingi, kwa hiyo iamini alama yako. Nami nikilazimishwa kuchagua kati ya picha kali kidogo na msalaba uliotulia kabisa, nachukua msalaba uliotulia. Kola nayo, kama mikromita, imalizie kila mara kwa kuzungusha upande mmoja, maana nyuzi zake za skrubu zimelika.

Kwa kuwa bunduki imekaa bila kazi, ningeifunga upya tangu chini. Ondoa darubini, kagua skrubu za besi. Zikiwa zimelegea, zitoe, zifute mafuta, zirudishe kwa bisibisi inayojaa mfereji wake. Bisibisi nyembamba ndiyo inayozila. Kwenye besi utaona mkato mdogo wa nusu duara ambamo skrubu ya bano inapita. Unaporudisha bano, lisukume mbele mpaka skrubu iguse ukuta wa mbele wa mkato huo, ndipo ukaze. Teke litataka kulipeleka mbele. Likiwa limeshafika, halina pa kwenda. Skrubu zenye vichwa vya kushika kwa vidole zikaze kwa vidole, usitafute koleo. Nimeshakueleza habari za koleo.

Kisha lala au kaa kama unavyolenga kweli, fumba macho, weka shavu, fumbua. Unataka uone duara zima la mwanga bila kivuli cha mwezi mchanga pembeni. Kama kipo, legeza pete ya kuzuilia, sogeza bomba mbele au nyuma mpaka kiondoke, funga pete hapo. Kwa nyingi za aina hii jicho hukaa kama inchi mbili kutoka kwenye kioo. Ning'iniza kamba yenye uzito mwisho wake mbali kidogo, uone kama uzi wa wima wa msalaba unalala juu yake huku bunduki ikiwa imesimama sawa. Uzi huo ukiwa umeinama, usilazimishe bomba lizunguke ndani ya bano, utaumiza reli. Hiyo ni kazi ya fundi wa lenzi.

Sifuri ya kwanza, yaani kuweka mikromita ili risasi ipige pale msalaba ulipo, ni rahisi kwa bunduki ya bolti. Bolti ikiwa nje, bunduki ikiwa imetulia kwenye mifuko, tazama shabaha ya yadi 25 kupitia mtutu mpaka duara jeusi likae katikati ya tundu, kisha bila kuitikisa zungusha mikromita mpaka msalaba ukae palepale. Rudisha bolti, piga tatu, rekebisha, hamia yadi 50. Ukipata sifuri ya 50, soma mikromita kama ya karakana: mistari inayoonekana kwenye shina, kisha namba ya ukingo. Iandike. Kutoka 50 kwenda 100 kwa risasi ya kawaida ya .22 ya shabaha utahitaji kupanda kati ya dakika 6 na 7 za pembe, na dakika moja kwa yadi 100 ni zaidi ya inchi moja kidogo tu. Kwa besi zako hizo ni kliki 31 hadi 37. Anza na 34, risasi zenyewe zitakwambia iliyobaki.

Nakuomba sana ufanye jaribio la mraba kabla hujaiamini kwenye mashindano. Piga kwa yadi 50, siku isiyo na upepo, ukilenga nukta moja tu muda wote. Piga tatu. Kliki 20 kulia, piga tatu. Kliki 20 juu, piga tatu. Kliki 20 kushoto, tatu. Kliki 20 chini, tatu. Kila mara malizia kwa kukaza. Inatakiwa upate mraba wa inchi mbili, na kundi la tano likae juu ya la kwanza. Mraba ukiwa mdogo upande mmoja, mikromita hiyo au springi ina uchafu. Mraba ukiwa umelala kama kiti kilichovunjika mguu, bano limekaa upande. Makundi ya kwanza na ya tano yasipokutana, rudi kwenye pini ya springi.

Vioo vyenyewe uvionee huruma. Kama darubini ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, lenzi zake hazina ule utando wa rangi ya zambarau au buluu unaopunguza mng'ao; kila uso wa kioo hutupa takriban asilimia 4 ya mwanga, na kwa nyuso kumi umepoteza theluthi moja. Jioni itakuwa na giza kuliko ya kisasa, na hakuna kusafisha kutakakobadili hilo. Usifute kwa ncha ya shati. Puliza vumbi kwa kipulizo cha mpira, pitisha brashi laini, na kama kuna alama ya kidole, lowesha kitambaa cha lenzi kidogo, siyo lenzi yenyewe. Lenzi ya mbele ni mbili zilizogandishwa kwa utomvu uitwao balsamu ya Kanada, ambao huogopa joto na baadhi ya vimiminika. Ukiona umanjano au miviringo ya rangi za upinde wa mvua pembezoni, gundi imeanza kuachia. Ipo hivyo darubini ninayoijua, na bado inapiga vizuri. Lakini usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Bomba halina gesi wala mihuri, kwa hiyo ihifadhi na vifuko vya kukausha unyevu, na ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto iache ndani ya sanduku kwa muda.

Katikati ya bomba utakuta skrubu ndogo isiyo na kazi ya kuonekana. Inashika lenzi zinazoisimamisha picha isionekane kichwa chini. Usiiguse hata kidogo. Sikuulizi kama umeshaigusa.

Ukipima ukakuta besi haziko inchi 9, niandikie tena, na unitajie vitu viwili: umbali halisi uliopata, na yadi 100 zako ulizipimaje. Watu wengi huhesabu hatua, na hatua zikitoa yadi 80 badala ya 100, kliki 20 zitatoa inchi nne hata besi zikiwa 7.2.